Gunia Halinunuliwi kwa Macho

Maneno haya niliyasema Mtwara mjini, mbele ya vijana waliomaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, pamoja na wazazi na walimu wao. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Pale nilipokuwa nikionyesha ukutani nimeongeza maelezo kidogo ili msomaji naye aone.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa kituo, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaohitimu leo: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mwalimu wenu alikuja dukani kwangu akaniambia, "Mama, njoo uwaambie vijana kazi ikoje huko nje." Nami nina steshenari hapa mjini, huu mwaka wa 16. Wateja wangu wanatoka Nanyamba, Tandahimba, Newala, Msimbati, na wengine wanashuka na basi la Lindi asubuhi na kurudi nalo jioni. Mezani kwangu zimepita barua za maombi ya kazi, vyeti vya kuzaliwa, ramani za nyumba, risala za harusi, mihtasari ya vikao, hati za viwanja na wosia. Siku hizi karibu zote zinaingia au zinatoka zikiwa na sura moja, pidiefu, yaani faili la PDF. Basi nitaongea juu ya pidiefu tu.

Najua wapo wanaosema moyoni, hilo tumeshalijua: unabofya mara mbili, linafunguka, unasoma, unaprinti. Naomba mnivumilie.

Sisi wa mkoa huu tumesomeshwa na korosho. Msimu ukifunguliwa, mnajua gunia linavyopokewa ghalani. Halipokewi kwa kutazamwa. Inachukuliwa sampuli, unyevu unapimwa, korosho zinapasuliwa katikati na watu wanaangalia kiini, maana ganda linaweza kuwa zuri kabisa na ndani kumeoza. Pidiefu nalo lina ganda na lina kiini. Ganda ni ule ukurasa unaouona kwa macho. Kiini ni kile ambacho kompyuta inakiona. Viwili hivyo havifanani kila mara, na mtu anayekaa kwenye kompyuta kuwahudumia wenzake lazima ajue kupasua.

Binti, wewe wa ushungi wa kijani, njoo mbele. Usiogope, hakuna mtihani.

(Hapa niliwasha projekta na kufungua mafaili mawili, moja kushoto na moja kulia. Yote mawili yalionyesha barua ileile ya maombi ya kazi ya udereva, maneno yaleyale, nafasi zilezile.)

Zinafanana? Wanasema zinafanana. Sasa binti, shika mausi. Peleka mshale mwanzo wa neno "Ndugu" kwenye ile barua ya kushoto. Bonyeza, usiachie, buruta mpaka mwisho wa neno. Mnaona? Neno limekuwa la bluu. Herufi N imeshikika, d imeshikika, g imeshikika. Nenda ya kulia, fanya vilevile. Haishiki. Buruta tena. Kimetokea kisanduku kitupu kinachopita juu ya maneno kama kioo. Hapo kulia hakuna herufi hata moja. Ile ni picha ya barua. Kompyuta inaona madoa meusi na meupe, na haijui kama pale pameandikwa "Ndugu" au pamechorwa mbuzi.

Asante mwanangu, kaa.

Jaribio hilo linachukua sekunde tatu. Mimi silipokei faili la mteja bila kulifanya, kabla ya kumtajia bei na kabla ya kumwahidi chochote. Kwa sababu kila kitu anachokuja kuniomba, niongeze neno, nitafute jina, nipunguze ukubwa, nirudishe kwenye Word, kinategemea jibu la jaribio hilo.

Ile barua ya kulia ilitokeaje? Naiona kila wiki. Kijana ameandika barua yake vizuri kwenye Word. Anaambiwa mfumo wa maombi unataka pidiefu. Anaiprinti, halafu anaipiga picha kwa simu au anaiskani, halafu anaigeuza kuwa pidiefu. Amelipia karatasi, amelipia kuskani, na ameiua barua yake mwenyewe. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inakuwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Zizidishe: ni zaidi ya nukta milioni 8 na nusu. Kwa rangi kamili kila nukta inahitaji baiti 3, hivyo ukurasa mmoja kabla ya kubanwa unakaribia megabaiti 26. Hata ukibanwa vizuri bado ni mzito kuliko ile barua ya kushoto, ambayo niliitoa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia kwa kuchagua kuihifadhi kama pidiefu. Ile ya kushoto ni kilobaiti chache tu. Mifumo mingi ya maombi inaweka kikomo cha ukubwa wa faili. Nimewaona vijana wakitoka jasho saa 5 usiku, mwisho ni saa 6, barua inakataa kupanda, bando linakatika. Wangesevu pidiefu kutoka kwenye Word, wangekuwa wamelala.

Cheti cha karatasi ni jambo jingine. Cheti lazima ukiskani, hakuna namna. Basi kiskani kwa nukta 300, kiwe kimenyooka, pasiwe na kivuli cha kichwa chako, na kama hakina rangi ya lazima chagua rangi ya kijivu. Nukta 600 kwa ukurasa wa maandishi ya kawaida ni kujaza flashi bure.

Kuna mwalimu mmoja mteja wangu ambaye haoni. Anatumia kompyuta kuliko wengi wetu. Ana programu ya bure inayoitwa NVDA inayomsomea kwa sauti kilicho kwenye skrini, na ndani yake mna sauti ya eSpeak inayosoma hata Kiswahili. Siku moja alitumiwa waraka wa kikao, kurasa nne. Akafungua, akasikiliza. Kimya. Akadhani spika zimekufa. Akaja dukani na laptopu yake kwapani, tukafanya jaribio la mausi, na neno halikushika. Mtu aliyeutuma alikuwa ameuandika waraka ule kwenye kompyuta, akauprinti, akautia muhuri, akauskani. Kwa wenye macho ulikuwa waraka. Kwa mwalimu wangu zilikuwa kurasa nne tupu. Alikaa kwenye benchi langu akaniambia taratibu, "Mama, wamenitumia ukuta." Neno hilo sijalisahau.

Picha ya namna hiyo inaweza kufufuliwa. Kuna programu zinazotazama madoa na kuyatambua kuwa herufi. Mojawapo inaitwa Tesseract, ilianzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, na mwaka 2005 ikaachiwa huru kwa kila mtu. Inayo data ya Kiswahili, lakini lazima uiambie kwamba huu ni Kiswahili. Ukiiacha idhani ni Kiingereza itajitahidi kukuletea maneno ya Kiingereza. Na hata ikijua, usiiamini kwenye tarakimu. Namba 1 na herufi l, namba 0 na herufi O, vinachanganywa. Waraka wa yule mwalimu tuliusoma pamoja, mimi nikitazama karatasi, yeye akisikiliza, mpaka ukakaa sawa.

Sasa niwaambie pidiefu lilizaliwa kwa sababu gani, maana ukijua shida iliyolizaa utaelewa tabia yake.

Zamani waraka ulikuwa unabadilika sura kila ulipohamia mashine nyingine. Umeupanga vizuri hapa, ukifika kule mistari imevunjika, jedwali limekimbilia ukurasa wa pili. Mwaka 1991 Mmarekani mmoja, John Warnock, mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni ya Adobe, aliandika kurasa chache akieleza wazo lake: waraka utoke mashine yoyote, ufike mashine yoyote, usomeke na uprintike vilevile. Mradi akauita Camelot. Juni 1993 likatoka lenyewe, pamoja na programu ya Acrobat. Mwanzoni hata programu ya kusomea tu ilikuwa ya kununua, na watu hawakulikimbilia. Ilipotolewa bure ndipo likaenea. Mwaka 2008 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 32000, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kulisoma au kuliandika bila kuomba ruhusa. Warnock amefariki mwaka 2023. Kazi yake inafunguliwa kila siku hapa Mtwara na watu ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Ndiyo maana hakuna anayepaswa kuwalazimisha mnunue programu ili msome pidiefu. Chrome inalifungua, Firefox inalifungua. Kompyuta ikiwa kongwe, ya Windows, iwekeeni SumatraPDF, ni nyepesi. Kutengeneza pidiefu, LibreOffice inatosha, ni programu ya kuandikia kama Word, nayo ni bure.

Tabia yake kuu basi ni kuganda. Kinachoganda ni pamoja na maumbo ya herufi zenyewe. Ustadhi mmoja wa madrasa kule Mikindani alikuwa akileta kadi za maulidi kwenye flashi, kwenye Word, mistari ya Kiarabu juu na Kiswahili chini. Kwake zilikuwa nzuri. Kwangu herufi za Kiarabu zilibadilika, mistari ikawa mirefu kuliko kadi, kwa sababu fonti aliyotumia yeye mimi sikuwa nayo na kompyuta yangu ikachukua nyingine iliyo jirani. Tulisumbuka mara mbili hivi. Mara ya tatu nikamwomba asevu pidiefu kwake kabla ya kuja. Fonti ikabebwa ndani ya faili, zile herufi tu zilizotumika, na kadi ikatoka printa yangu kama alivyoiona nyumbani. Mkitaka kujua kama fonti zimebebwa, fungueni sifa za faili, kuna sehemu inayoorodhesha fonti. Kabla ya kupeleka kitabu au bango kwa mchapaji, angalieni hapo kwanza.

Lakini kuganda huko kuna gharama, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mnadhani ndani ya pidiefu kuna aya, kuna jedwali, kuna mistari. Kwa kawaida hakuna. Kuna vipimo. Ukurasa unapimwa kuanzia pembe ya chini kushoto, kila inchi imegawanywa vipande 72, hivyo A4 ina vipande 595 kwenda kulia na 842 kwenda juu. Faili linasema: nenda 72 kulia, panda 770, andika neno hili. Kisha nenda mahali pengine, andika lile. Jedwali unaloliona ni mistari iliyochorwa, na maneno yaliyowekwa karibu nayo. Faili halijui kwamba jina hili na kilo hizi ni za mkulima mmoja. Macho yako ndiyo yanayojua.

Kwa hiyo mtu akija na orodha ya pidiefu, wakulima 300, majina na kilo na fedha, akakuambia, "Dada, nirudishie kwenye Excel," usiseme dakika mbili. Inawezekana, na mara nyingi inatoka vizuri. Mara nyingine safu nzima ya majina inakuja kwanza, halafu safu ya kilo chini yake, au mtu mmoja mwenye jina refu lililoshuka mstari wa pili anawasukuma wote waliomfuata, kila mmoja anapewa kilo za jirani yake. Orodha inaonekana safi kabisa. Ukijumlisha, jumla ya chini inalingana, maana kilo ni zilezile, zimehama wenyewe tu. Mimi nachukua majina matano ya juu, matano ya katikati, matano ya mwisho, nayalinganisha na pidiefu mstari kwa mstari. Nikikuta moja limehama narudi kuanza upya. Hizo ni fedha za shule za watoto.

Kuna kingine ambacho nadhani sisi wasemaji wa Kiswahili kinatugusa kuliko wengine. Fonti nyingi zinaunganisha herufi f na herufi i ziwe umbo moja, kwa sababu zikikaa pamoja kichwa cha f kinagonga nukta ya i. Kwa macho inapendeza. Lakini kama faili halikuandikwa ndani yake kwamba umbo lile ni f na i, ukikopi neno linatoka na pengo. "Ofisi" inakuwa "o" na "si". "Kufika" inakuwa "ku" na "ka". Na Kiswahili kimejaa fi: afisa, rafiki, safisha, fimbo. Mzee mmoja alikuja na waraka mrefu kuhusu ardhi, akataka kujua sehemu zote zinazotaja fidia. Nikaandika "fidia" kwenye kisanduku cha kutafuta. Kompyuta ikajibu, hakuna. Mzee akashusha pumzi, akaanza kukunja miwani yake. Nikamwambia, subiri mzee wangu. Jaribio la mausi nilikuwa nimeshalifanya, herufi zilikuwepo, kwa hiyo haikuwa picha. Nikakopi mstari mmoja nikaupesti kwenye Notepad, ile programu ya maandishi matupu, nikaona "ku ka" mahali pa "kufika". Nikatafuta "dia". Zikaja nyingi, nikawa navuka zile zisizohusika, na "fidia" zilikuwemo, ukurasa baada ya ukurasa. Yule mzee alikuwa anaondoka akiamini kwamba waraka unaohusu shamba lake hautaji fidia. Kompyuta ikikujibu "hakuna" kwenye pidiefu, ujue imekujibu juu ya kiini. Rudi ukasome ganda.

Kuhusu kuprinti nitasema jambo moja tu. Kwenye dirisha la kuprinti kuna chaguo la kulitosheleza faili kwenye karatasi, na kuna chaguo la ukubwa halisi, asilimia 100. Barua haijali. Ramani inajali. Miaka ya mwanzo nilimprintia fundi ramani ya nyumba ya skeli ya 1 kwa 100, na programu ikaibana mpaka asilimia 97 ili kingo zisikatwe. Vipimo vingine havikuwa vimeandikwa, fundi akapima kwa rula. Chumba cha mita 4 kikasomeka mita 3 na sentimita 88. Sentimita 12 zilizopungua ni karibu upana wa tofali la inchi 5. Kosa lilikuwa langu, na msingi ulikuwa umeshachimbwa; nilimlipia siku ya vibarua. Na mafaili kutoka Marekani mara nyingi ni ya karatasi yao, milimita 216 kwa 279, pana na fupi kuliko A4 yetu ya 210 kwa 297, kwa hiyo hapo ndipo kubana kunapojitokeza zaidi. Ramani, michoro ya kushonea, chochote kitakachopimwa kwa rula: asilimia 100, halafu chukua rula upime mwenyewe kabla mteja hajaondoka.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

(Nilifungua faili la tatu. Lilikuwa jedwali la majina kumi ya kubuni, kila jina na kiasi cha fedha, na safu ya mwisho imefunikwa kwa mistatili myeusi.)

Kikundi kimoja cha akiba na mikopo kiliniletea orodha ya malipo. Majina, viasi, namba za simu. Katibu akasema, "Mama, tuwekee kwenye grupu la WhatsApp watu waone viasi vyao, ila zifiche namba za simu." Nikafungua pidiefu, nikachora mistatili myeusi juu ya kila namba. Nikatazama, hakuna namba hata moja inayoonekana. Nikatuma. Nilijisikia nimefanya kazi safi.

Jioni ileile simu zikaanza kuingia kwa wanachama. Watu wanajitambulisha kwamba wanatoka kwenye kikundi, wanataja jina la mwanachama, wanataja kiasi chake mpaka shilingi ya mwisho, halafu wanasema ili upokee tuma kwanza ada kwenye namba hii. Mama mmoja muuza samaki alituma. Namba zilitoka wapi? Nawaonyesha. Nabonyeza Ctrl na A, kuchagua vyote. Ctrl na C. Nafungua Notepad, Ctrl na V.

(Ukumbi ulinyamaza. Ukutani zilitokea namba zote kumi, moja chini ya nyingine.)

Mstatili niliochora ulikaa juu. Namba zilibaki chini yake, nzima, kama mtu aliyefunikwa shuka. Nilibadilisha ganda, kiini nikakiacha. Nilikwenda kwa yule mama na fedha zake mkononi, akazipokea, lakini haniletei tena karatasi zake, naye ana haki.

Sikilizeni basi. Kama unalo faili la awali, la Word au Excel, futa ile safu kabisa, kisha ndipo utoe pidiefu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza na bora. Kama una pidiefu peke yake, tumia programu yenye chombo cha kuondoa maandishi kabisa, halafu ujaribu mwenyewe Ctrl na A. Kama huna programu hiyo, printi karatasi iliyofunikwa, uiskani, utume ile picha. Ndiyo, hapa ile picha iliyokufa niliyoisema vibaya mwanzoni ndiyo unayoitaka, kwa sababu haina kiini kingine chini yake. Na kupunguza kingo za ukurasa pia hakufuti kitu. Kilichokatwa kinafichwa tu na kinaweza kurudishwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya simu ya muuza samaki ni taarifa binafsi, na wewe uliyeishika una wajibu nayo.

Karatasi ya mtu ni amana. Ndiyo maana nina wasiwasi mkubwa na tovuti za kuunganisha na kubana pidiefu bure. Mteja ameleta kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, taarifa ya benki; kijana wa steshenari anavipandisha vyote kwenye tovuti ambayo mwenyewe wake hamjui, ili tu viwe faili moja. Kuunganisha na kugawa kurasa kunafanyika bila intaneti. Ipo programu ya bure inaitwa PDFsam, inakaa kwenye kompyuta yako na faili haliendi popote. Na jioni ukifunga duka, futa mafaili ya wateja kwenye skrini ya mbele, kisha mwaga na kapu la taka. Mimi nina kijana wangu ambaye kazi yake ya mwisho kila siku ni hiyo, kabla ya kuzima swichi kuu.

Mtaletewa na jambo jingine, na litaletwa kwa sauti ya chini. Mtu ataingia duka likiwa halina watu. "Mdogo wangu, hapa kwenye cheti pana D, iweke C. Nitakupa elfu thelathini." Pidiefu linaweza kubadilishwa, ndiyo. Wengi wanadhani haliwezi, na kwa hiyo wanaliamini kupita kiasi. Ila baadhi ya programu zikisevu mabadiliko hazifuti cha zamani, zinaongeza kipya mwishoni mwa faili, na anayejua kupasua anaikuta ile D imekaa palepale. Saini ya picha iliyobandikwa haithibitishi chochote, mtoto anaweza kuikopi. Saini ya kidijitali ya kweli imefungwa na faili lenyewe, ukigusa herufi moja inapiga kelele. Lakini hata kama hakuna ambaye angegundua, yule aliyepata C kwa kusoma na taa ya chemli kule Kitaya anagombea kazi hiyohiyo. Mwambieni mteja, kwa heshima, kazi hiyo haifanyiki hapa.

Mwisho, makatibu wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, na wa vikundi mnaotunza kumbukumbu: LibreOffice, unapotoa pidiefu, ina mahali pa kuweka tiki ili litoke la kuhifadhiwa muda mrefu, linaitwa PDF/A, lipo tangu mwaka 2005. Hilo linabeba kila linachohitaji ndani yake, haliruhusu nywila, halitegemei kitu cha nje. Muhtasari wa mkutano mkuu wa mwaka huu utatakiwa na mtu mwaka 2050. Wekeni tiki.

Nimemaliza. Flashi hii namwachia mwalimu wenu. Ina mafaili matatu, yote yanaonyesha orodha ileile ya wakulima 20. Moja lina herufi kamili. Moja ni picha. Moja lina herufi, lakini kila fi imetoboka na kuna namba nne zimefunikwa kwa weusi na bado zipo. Sijayaandika majina yatakayowasaidia. Nimeyaita moja, mbili, tatu. Kesho asubuhi kila mmoja akae kwenye mashine yake ayapasue, aniandikie kwenye karatasi lipi ni lipi na namba nne zilizofichwa ni zipi. Nitapita saa 8 mchana kuzikusanya, na nina nafasi ya watu wawili dukani kwangu msimu huu.